Nani Kakuambia Walitoweka?

Makala yangu ilirudi. Sioni haya kulisema, maana wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mnajua uzito wa bahasha inayorudi. Nilikuwa nimempelekea mhariri wa jarida hili karatasi tisa kuhusu safari yangu ya kwenda kuyaona magofu ya Wamaya kule Meksiko, na nilikuwa na uhakika zingetoka kama zilivyo. Kichwa chake kilikuwa "Wamaya: Taifa Lililotoweka". Neno hilo la mwisho mhariri alilizungushia duara la wino mwekundu, pembeni akaandika: Nani kakuambia? Basi. Karatasi zilizobaki hakuzigusa hata kwa nukta.

Hasira zilinipanda, tena sana. Mimi ndiye niliyekwenda, bwana! Mimi ndiye niliyeunguzwa na jua la Yucatán wakati yeye kakaa Kariakoo anakunywa kahawa kwa kashata. Bahasha niliitupa chini ya kitanda ikakaa huko wiki tatu. Siku niliyoitoa niliisoma kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine, tena mtu nisiyempenda, na hapo ndipo nikaanza kuona. Kwa hiyo mnachokisoma hapa ni uhakiki wa kazi mbili: kazi yangu mwenyewe, ambayo hamtaiona kamwe, na kitabu cha Mmarekani mmoja, John Lloyd Stephens, kilichotoka mwaka 1841, ambacho nilikibeba mkobani safari nzima na ambacho, nikisema ukweli, nilikiiga bila kukielewa.

Kwanza nieleze nilifikaje huko. Nilikuwa Chicago kwa masomo ya mwaka mmoja. Mwezi Desemba chuo kilifungwa, wenzangu wakaenda makwao, bweni tukabaki mimi na mlinzi. Baridi ya kule si ya Lushoto wala ya Njombe. Ukitoka nje na nywele mbichi zinaganda kichwani. Jamaa mmoja akaniambia kuna tiketi za bei poa za kwenda Cancún, na kwamba baada ya saa nne hivi angani nitakuwa navua koti. Nikakusanya vijisenti vyangu. Kitabu cha Stephens nilikuta duka la vitabu vilivyokwishatumika, nikakinunua kwa ajili ya michoro yake tu.

Na michoro yenyewe ni moto. Iliyachorwa na Frederick Catherwood, Mwingereza, msanifu majengo aliyefuatana na Stephens tangu mwaka 1839. Walipofika Copán, katika Honduras ya leo, Catherwood alisimama mbele ya zile nguzo za mawe zilizochongwa sura za wafalme akashindwa kuchora. Mkono ulikuwa umezoea sanamu za Wagiriki na za Wamisri. Hizi hazikufanana na chochote alichowahi kufundishwa. Alisimama kwenye tope, glovu mkononi kwa sababu ya mbu, akafuta, akaanza tena, akafuta. Stephens anayasimulia haya bila kumwonea haya mwenzake, nami nadhani hapo ndipo penye siri ya kitabu chao. Mtu aliyekubali kwamba hajui kuchora alichokiona ndiye aliyekuja kukichora sawasawa. Mimi katika karatasi zangu tisa sikushindwa hata mara moja. Nilikuwa na tamathali ya kila jiwe.

Stephens alikuwa wakili wa New York. Anaandika kama mtu anayekusimulia barazani: anapima, anahesabu, anaumwa homa, anagombana na wenye mashamba, anakuchekesha. Eneo zima la magofu ya Copán alilinunua kwa dola 50, naye anakiri kwamba muuzaji alimwona mpumbavu. Lakini sifa yake kubwa iko mwisho wa kitabu. Wakati ule wasomi waliwatafutia magofu yale wajenzi wa kila namna: Wamisri, Wafoinike, makabila yaliyopotea ya Israeli. Yeye akasema hapana, walioyajenga ni mababu wa watu hawa hawa wanaoishi hapa. Sisi wa pwani wimbo huo tunaujua. Kilwa na Gede vitabu vingi vya zamani vilitutafutia wajenzi kokote kule ng'ambo ya bahari kabla ya kugeuka na kuangalia waliokuwa wamesimama papo hapo. Kwa mwaka 1841, Stephens aliona mbali.

Sasa nije kwenye dosari, nayo si ndogo. Huyu bwana anawapa mababu heshima yote, halafu wajukuu anawafanya mapagazi. Wanamkatia vichaka. Wanambebea mizigo. Njiani kuelekea Palenque yeye mwenyewe anabebwa kwenye kiti kilichofungwa mgongoni mwa mtu, na anakiri kwamba alikuwa akizisikia pumzi za yule mtu. Pumzi zake tunazisikia. Jina lake je? Alikuwa na maoni gani kuhusu Palenque? Kitabu ni cha juzuu mbili nene, na katika kurasa zote hizo wenye mji wanazungumza kidogo sana.

Ila kuna mahali mmoja wao kapewa nafasi, na kurasa zile nilizisoma nikiwa pale pale Uxmal. (Tamka Ushmal, x yao ni sh yetu.) Nilitoka mji wa Mérida alfajiri kwa basi, kama kilomita 80 hivi, nikakaa kwenye kivuli mbele ya piramidi moja yenye kingo za mviringo, karibu mita 35 kwenda juu. Stephens anasema Mhindi mmoja wa pale alimsimulia habari zake. Palikuwa na kikongwe asiye na mtoto. Akachukua yai, akalifunga kitambaa, akaliweka pembeni mwa nyumba. Likaanguliwa mtoto, akatembea na kusema kabla ya mwaka, kisha akaacha kukua. Bibi akamtuma huyo kibeti kwa mtawala wakapimane nguvu. Mtawala akamwamuru ajenge usiku mmoja nyumba ndefu kuliko zote, la sivyo atauawa. Asubuhi mtawala anafungua mlango: piramidi hiyo. Ndipo akadai wavunjiane mafungu ya mti mgumu kichwani. Bibi alishamwekea mwanawe kimkate chembamba cha unga wa ngano utosini. Mtawala hakuwa nacho. Kibeti akatawala.

Hivi kuna mtoto wa Kiswahili asiyemjua bibi huyo? Ni yule yule wa sungura na wa kaka sultani, mwenye hila na mwenye huruma. Mimi nilimtambua papo hapo nikacheka peke yangu chini ya kile kivuli. Halafu, mtaniamini? Katika makala yangu nilimkata. Niliona ngano itaonekana ya kitoto mbele ya wasomaji wenye elimu. Badala yake nikaandika kwamba "hakuna ajuaye siri ya mahali hapa". Kumbe mtu alishamsimulia Stephens, mwaka mmoja kabla ya kitabu chake kutoka, nani alijenga, usiku gani, na kwa sababu gani. Unaweza kubisha kwamba si historia. Sawa. Lakini watu waliotoweka hawasimulii.

Chichén Itzá ndiko nilikoharibu zaidi. Pale ni kama sokoni. Ukishapita getini, njia zote mbili upande mpaka upande ni meza: vinyago, vitambaa vya kutarizi, filimbi za udongo zinazonguruma kama jagwa, yule chui wao mkubwa. Piramidi iko katikati, pande nne, kila upande ngazi 91, ukijumlisha na ya juu kabisa unapata 365, siku za mwaka. Kupanda ni marufuku siku hizi. Watu wanasimama chini wanapiga makofi ili wausikie mwangwi unaorudi kama mlio wa ndege. Nami nilipiga.

Kwenye meza moja alikuwepo mama mmoja, umri wa dada yangu mkubwa, kavaa gauni jeupe lenye maua ya nyuzi shingoni, simu sikioni, anazungumza lugha ambayo si Kihispania. Alipomaliza nikampatana bei ya filimbi, na kwa Kihispania changu cha kuokoteza nikamuuliza swali nililokuwa nimelitunza tangu Chicago: mama, Wamaya walikwenda wapi? Akanitazama, akaitazama saa ya simu. Akasema, "Kula, kijana. Saa nane watakuwa wamerudi." Meza ya pili walimsikia wakaangua kicheko, wakarushiana maneno kwa lugha yao ile ile, na filimbi nikauziwa kwa bei ya mwanzo.

Sasa fungua makala yangu, ukurasa wa sita. Nanukuu kazi yangu mwenyewe, hakuna wa kunishtaki: "Kikongwe mmoja mwenye macho ya huzuni aliitazama piramidi kimya, kana kwamba anawasubiri wazee wake warudi." Unaona nilichofanya? Nilimzeesha. Nikamnyang'anya simu, nikamnyang'anya mzaha, nikamnyang'anya hata lugha, maana kwangu yuko kimya. Hiyo si sanaa, ni fiksi tupu, tena fiksi ya kumdhulumu mtu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekwishaandika sentensi ile kichwani kabla sijaondoka Chicago, na yule mama alipokataa kuingia ndani yake nikamtafutia kikongwe. Kimaya cha Yucatán kina wasemaji zaidi ya laki saba nchini Meksiko, na hiyo ni lugha moja tu. Lugha za jamii ya Kimaya ziko kama 30, huko, Guatemala na nchi za jirani. Miji ile mikubwa ya kusini iliachwa mmoja mmoja kati ya karne ya nane na ya kumi, hilo ni kweli, na wataalamu wanataja ukame, vita na ardhi iliyochoka. Mji kuachwa si watu kwisha. Kilwa Kisiwani ukishuka kwenye mashua unapokewa na watoto wanaocheza karibu na magofu.

Ndugu zangu, tunaoandika safari tuna ugonjwa huu. Mwanzoni ndege, katikati ajabu, mwishoni "hakika dunia ina mengi". Msomaji anatoka na maneno yetu, watu wa mahali wanabaki kama samani.

Siku ya tatu nilikwenda Maní. Vijarida vya watalii havikuhimizi uende huko, maana hakuna piramidi ya kupiga nayo picha. Ni mji mdogo, kama kilomita 100 kutoka Mérida, unafika kwa vibasi vinavyojaza abiria kama daladala zetu. Kuna kanisa kubwa la mawe lenye nyumba ya watawa wa Kifransisko na uwanja mpana. Tarehe 12 Julai mwaka 1562, mtawa Diego de Landa aliamuru vitabu vya Wamaya vichomwe hapo pamoja na sanamu zao, baada ya watu kuteswa ili waungame kwamba bado wanaabudu miungu ya zamani. Vilikuwa vitabu vya karatasi ya magamba ya mti, iliyopakwa chokaa nyeupe na kukunjwakunjwa kama kinanda cha mkono. Landa mwenyewe aliandika kwamba walivichoma vyote kwa kuwa waliona ndani yake uongo wa shetani, na kwamba watu waliumia mno. Leo vinavyojulikana kusalia ni vinne: Dresden, Paris, Madrid na Mji wa Meksiko.

Landa nilimpa karatasi mbili nzima za matusi. Nilimwita mshenzi, adui wa kalamu, nikamalizia kwa alama tatu za mshangao. Matusi hayo mhakiki anayaacha, anastahili. Ila niliacha nusu ya pili ya habari, nayo ndiyo inayomhusu mwandishi. Landa huyo huyo, alipoitwa Uhispania ajibu mashtaka, aliandika kitabu kuhusu mila za Yucatán, na ndani yake akaweka kile alichokiita alfabeti ya Wamaya. Alikuwa amemkalisha chini mwandishi wa Kimaya akimtajia herufi za Kihispania moja moja. Akisema "be", kwa maana ya B, yule anaandika alama ya sauti be. Mtawa aliuliza herufi, akajibiwa silabi. Kwa miongo mingi wataalamu waliicheka orodha ile kwamba haifai kitu, mpaka mwaka 1952 Mrusi mmoja, Yuri Knorozov, akiwa Leningrad na hajawahi kukanyaga nchi ya Wamaya, alipoonyesha kuwa ni silabi. Ba be bi bo bu, ile ile ya darasa la kwanza! Kuna hadithi maarufu kwamba aliokoa kitabu chenye vile vitabu vya Wamaya katika moto wa Berlin mwaka 1945. Mwenyewe alikuja kuikana, akasema vilikuwa vimeshapangwa kwenye maboksi. Moto unapendeza kwenye hadithi. Hata Stephens ana wake, wa kweli: boriti za milango zilizochongwa, alizozing'oa Yucatán akazipeleka New York zikaonwe, ziliteketea kwenye jumba la maonyesho la Catherwood Julai 1842.

Miaka minane baada ya Knorozov, mwanamke aliyezaliwa Urusi na kukulia Marekani, Tatiana Proskouriakoff, alizipanga tarehe zilizo kwenye nguzo za Piedras Negras akaona zinakaa vizuri ndani ya umri wa binadamu. Wakubwa wa taaluma walishikilia kwamba maandishi yale ni ya nyota na miungu tu. Kumbe ni fulani kazaliwa, fulani kakalia kiti, fulani kafa. Stephens alikuwa ameandika, miaka 120 nyuma, kwamba anaamini historia yao imechongwa humo humo ikisubiri msomaji. Kwa sentensi hiyo moja nampa alama zote alizopoteza kwa wapagazi.

Nilikaa kwenye uwanja wa Maní mpaka jua likageuka, nikawa sina hamu ya kumtukana mtu tena, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka sanduku.

Babu yangu alifariki Kilwa Kivinje nikiwa na miaka kumi na miwili. Aliacha sanduku la mbao lililojaa karatasi, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika watu wa umri wake na wa kabla yake. Kwa herufi hizo ndizo tendi zetu kongwe ziliandikwa. Nyumba nzima hapakuwa na aliyeweza kuzisoma. Sisi tulijifunza kusoma Kurani, lakini mkono wa babu ulikuwa wa haraka, usio na irabu, na hatukujua hata kama ni dua au ni nini. Mchwa walishaingia. Wazee wakasema zisije zikakanyagwa, huenda zina aya ndani yake, afadhali zichomwe kwa heshima. Kiberiti nilikwenda kukinunua mimi. Shangazi mmoja tu alisema ziachwe, akachukua karatasi moja akaikunja kwenye kanga.

Hilo halimo katika karatasi zangu tisa. Nilikuwa nimesimama Maní, nimeujaza ukurasa kwa majivu ya Landa, na ya kwetu nikayafagia uvunguni. Landa alichoma kwa chuki, sisi kwa adabu. Tofauti hiyo ni kubwa na sitaki kuichezea. Ila mhariri angeiona sauti ya makala ikibadilika kama ningeliandika hili badala ya zile alama tatu za mshangao.

Niliporudi Chicago ndipo nilipogundua kichekesho kingine. Kwenye Mtaa wa Walton kuna maktaba iitwayo Newberry, jengo la mawe linalotazamana na bustani. Nilipita mbele yake vuli nzima, kola ya koti nimeinyanyua. Ndani yake umo mswada wa Popol Vuh, simulizi za Wak'iche' wa Guatemala, Wamaya wa milimani, ambao waandishi wao waliziandika kwa herufi za Kilatini katikati ya karne ya 16 na padri Francisco Ximénez akazinakili mwanzoni mwa karne ya 18, safu moja Kik'iche', safu ya pili Kihispania. Nakala ya kwanza ilipotea; hii ya padri ndiyo iliyobaki. Nilipanda ndege kutafuta maneno ya Wamaya, na mengine yalikuwa umbali wa vituo vichache vya basi.

Makala naiandika upya. Kibeti karudi, na mama wa filimbi kapewa simu yake. Landa kabakiwa na nusu ukurasa. Kichwa sijakipata.

Karatasi ya shangazi niliiomba mwezi uliopita, akanitumia picha yake. Mzee mmoja wa Kariakoo ananifundisha kuisoma jioni, herufi kwa herufi. Si dua. Ni hesabu za nazi. Mstari wa kwanza ni tarehe, wa pili ni jina la mtu na nazi mia mbili. Wa tatu unatushinda: mwanzo wa neno mchwa wameula, nasi tunabishana kama babu kaandika amelipa au hajalipa.